Kovu la Tangi

Fundi wa magari ya njia mbovu alikuwa na kawaida yake. Hakuuzii bamba la kukinga chini ya gari mpaka ushuke naye kwenye shimo la gereji umwonyeshe kila kovu na ulikolipatia. "Huku juu kila dereva ni malaika," alipenda kusema. "Tushuke."

Dereva wa zahanati akashuka. Mkunga, mkubwa wake wa kazi, alibaki ukingoni, mikono kiunoni, akichungulia.

"Sista, nisikufiche," fundi alisema. "Gari hili linabeba kitanda, mitungi ya oksijeni na wagonjwa. Nikilivika chuma tumbo zima, springi zitalala. Chagua moja: bamba la mbele likinge injini, au la nyuma likinge tangi la mafuta."

Akamulika kurunzi. Mbele palikuwa na mikwaruzo ya kawaida tu. Nyuma, kwenye tangi, palikuwa na kiraka kipana kama kiganja.

"Hapa paligongwa wapi?"

Dereva, ambaye siku nyingine ungemlipa anyamaze, aligeuka akajifanya anakagua springi. Mkunga akajibu badala yake. "Hapo achana napo. Ni uzembe wa yule kijana niliyemwachisha kazi. Weka la mbele."

Kijana mwenyewe ni mdogo wa mke wa dereva. Walikuwa wakipokezana zamu.

Na ukweli ulikuwa hivi. Tangi lilipasuliwa na dereva, jioni moja, kwenye kivuko cha mto wanachopita kila siku, akihangaika kutafuta mpira kwenye redio. Alisikia jiwe likigonga chini ya gari, akajiambia si kitu, akaliegesha gari akaenda zake. Alfajiri shemeji yake akaingia zamu, na mafuta yakamwishia njiani huku nyuma kuna mama mwenye uchungu. Mama alijifungulia kando ya barabara. Alipona yeye na mtoto, Mungu ashukuriwe, lakini kibarua cha kijana kikaota nyasi. Kwenye kikao dereva aliulizwa kama alikabidhi gari zima. Akasema, "Zima kabisa." Shemeji yake alikuwa amekaa mkabala naye, na alimwamini.

Tangu hapo dereva hakuwa na raha hata nyumbani kwake. Mkewe akimtaja mdogo wake, dereva huinuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, hata saa saba mchana.

"Basi la mbele," fundi alisema, akainua mkono kulichukua bamba lililokuwa ukingoni.

Jiwe lilikuwa bado liko mtoni. Tangi likiachwa wazi, wajawazito wangeendelea kupitishwa juu ya jiwe lile lile kwa sababu tu yeye aliona haya kusema.

"Weka la nyuma," dereva alisema.

"Kwa nini?" mkunga aliuliza.

"Jiwe liko pale kivukoni. Nililigonga mimi."

Fundi alizima kurunzi, akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

"Rudia," mkunga alisema.

"Nililigonga mimi, Sista. Shemeji alipokea gari bovu. Nilidanganya."

Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Watu wakiaibika hutamani ardhi iwameze. Huyu ilikwisha kummeza mpaka kichwani na haikumsaidia kitu, kwa maana mkunga alikuwa akimtazama vizuri kabisa. Alingoja atukanwe. Angalau matusi angejua pa kuyaweka.

Mkunga hakumtukana. "Fundi, funga la nyuma," alisema. Kisha akamgeukia dereva. "Toa simu yako. Mpigie, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Sauti juu, nisikie."

Dereva alipiga. Moyoni aliomba isipokelewe. Ikapokelewa mara moja.

"Shemeji!" Kijana alikuwa na furaha kabisa. "Vipi, gari limekusumbua? Usihangaike nalo peke yako. Niambie uko wapi, nakuja sasa hivi."

"Shemeji," dereva alisema, na hapo hapo akashindwa kuendelea, akalia mbele ya mkubwa wake na fundi.

"Shemeji? Umeumia? Niambie basi uko wapi."