Mshahara wa Kukaa

Rubani nusura afeli mtihani wa shirika kubwa la ndege kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi wenyewe hawakuwepo.

Walimwingiza kwenye mashine ya mazoezi, chumba kizima kinachojifanya ndege kubwa. Kwenye vioo palionekana njia ya lami iliyonyooka, taa kila upande, hata jani lililodondoka hakuna. Akashuka vizuri kabisa. Magurudumu yakiwa karibu kugusa, akaongeza moto, akapita chini chini kwa kelele mpaka mwisho wa njia, akainua pua na kuzunguka ili arudi kutua.

"Umeona nini?" akauliza mtahini.

"Sijaona kitu. Nafukuza mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wanaokuwaga hapo."

Mtahini akaandika kwenye karatasi yake, na akaandika kwa muda mrefu.

Jamani, tusimcheke. Kwa miaka saba amerusha kindege cha watu tisa kwenda kwenye viwanja vya udongo huko milimani, na kule hutui kabla ya kupita mara moja kuwatimua wanyama na watoto wa shule. Abiria unampima kwenye mizani yeye na mzigo wake, maana kilo ishirini za uongo zinaweza kuwamaliza wote. Wapo wanaovua viatu. Wapo wanaobana pumzi, wakiamini inapunguza. Unapeleka chanjo, unarudi na mgonjwa, na kazi hiyo rubani aliipenda mpaka siku ya mapumziko alikuwa hana raha. Mshahara? Tuuache tu, tusije tukaaibishana.

Pamoja na mbuzi wake, shirika lilimtaka. Barua ikaja: rubani msaidizi wa ndege kubwa, mshahara mara tano ya ule wa kindege, bima ya wazazi wote wawili. Asaini, aipige picha, aitume kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Ijumaa saa nne asubuhi familia ilikuwa imeshakaa sebuleni, barua ipo mezani, kalamu pembeni. Rubani hakutaka kusaini. Lakini aliyekaa mbele yake ni baba, aliyeuza shamba lake la pekee ili yeye asomee urubani, na kumwambia mtu huyo hapana ya macho kwa macho si mchezo.

Kikao kiliongozwa na baba mdogo, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye hakuchaguliwa na mtu.

"Tueleze," akasema. "Huko kwenye ndege kubwa utakuwa unafanya nini hasa?"

"Kukaa, baba mdogo. Ndege inajiendesha yenyewe sehemu kubwa ya safari. Mimi naangalia kama inajiendesha sawa."

"Kwa muda gani?"

"Saa tisa. Saa kumi."

"Unakaa, na wanakulipa."

"Ndiyo."

"Saini upesi kabla hawajazinduka!"

Mama alikuwa ameshawatangazia wenzake wa kikundi, na gauni la kupokelea hongera lilikuwa kwa fundi. Hata hivyo ni yeye aliyeuliza. "Wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kubaki na kindege, mama."

Baba mdogo akamwita Mungu mara tatu.

Hapo baba akakohoa. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa forodha, na hadi leo akitaka kusema anapanga kwanza vitu vilivyo mezani. Akainyoosha barua, akailaza kalamu sambamba nayo.

"Mambo ya kupenda kazi ni ya juzi juzi tu," akasema. "Mimi nimegonga mihuri miaka thelathini na moja na sikuipenda ile kazi hata siku moja. Nani alijua? Hakuna. Nikitoka ofisini naiacha hukohuko, nafika nyumbani mtu mwingine."

Mama akatazama dari. Rubani akamtazama mama. Alijua akinyamaza sasa atasaini.

"Baba, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Saa kumi na moja na nusu geti likilia, sisi mbio chumbani."

"Kufanya nini?"

"Kukukwepa. Mpaka ule, uoge, upoe. Hukuwahi kutupiga, baba. Ulikuwa unatuangalia tu kama fomu zilizojazwa vibaya."

Baba mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Mama yenu alijua mnakimbia?" akauliza baba.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wakimbie," akasema mama, akiongea na magoti yake.

Baba akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, na ilipotakata akaendelea kuifuta. Rubani alitamani ayameze maneno yake yote, shirika lichukue sahihi, lichukue na mkono wenyewe.

"Na wewe?" baba akauliza. "Wewe pia ulikuwa unakimbia?"

"Mimi nilikuwa wa kwanza."

Baba akaivaa miwani.

"Nilikuwa naingia, nakuta nyumba imetulia," akasema. "Nilidhani mnasoma."

Akamnyooshea kidole baba mdogo.

"Nilikuwa nawasifia kwa huyu mdogo wangu. Namwambia, wanangu hawachezi, nikirudi tu nawakuta kwenye vitabu."

"Aliwasifia sana," akasema baba mdogo kwa sauti ndogo. "Wangu walichapwa kwa ajili hiyo."

Saa sita ilikuwa imekaribia. Baba akamwambia rubani afungue simu aandike, kisha akamtajia mwenyewe neno kwa neno, kwa ile lugha yake ya ofisini: anashukuru kwa heshima aliyopewa, ameitafakari nafasi hiyo, na anasikitika kwamba hataweza kuipokea.

"Niweke sababu gani, baba?"

"Usiweke. Forodha hatukuwahi kusoma sababu."

Akaituma saa sita kasoro dakika nne. Sasa kikao kilikuwa kimekwisha, na kawaida kikao kikiisha kila mtu hushika njia yake. Baba alibaki kwenye kiti chake, uso umemkunjamana, akiitazama meza. Rubani akasogeza kiti chake karibu na cha baba, akakaa.

"Nenda basi," baba akasema. "Nitapoa."

"Siendi popote," akasema rubani.