Chiriku wa Uani

Mume na mke wengine jioni huenda ufukweni kula koni na kurudi na mchanga kwenye ndala. Ubeid na mkewe Hamdiya walitembea bila kutoka uani kwao, Kariakoo. Kila baada ya alasiri waliingia kwenye gari la kijani aina ya MG lililokaa kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, mume kulia kwenye usukani, mke kushoto na chupa ya chai mapajani, wakaenda zao Bagamoyo.

Gari lilikuwa la viti viwili, halina paa, lina pua ndefu na mataa yaliyotoka kama macho ya mtu aliyesikia umbea. Marehemu Mzee Asad, babake Ubeid, alilinunua kwa Mwingereza wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao, na kwa jinsi injini yake ilivyopenda maneno wakaliita Chiriku. Ubeid na Hamdiya walifanya nalo safari moja tu ya kweli, wiki ya harusi yao, kwenda Oysterbay. Upepo ulichukua ushungi wa bibi harusi ukautupa baharini, naye akacheka hadi bwana harusi akasahau kushika usukani vizuri.

Kisha biashara ikachangamka Kariakoo. Mzee Asad, ambaye hakuweza kuutazama ukuta usiolipa kodi, akajenga fremu za maduka mbele ya nyumba nzima, hata mahali pa geti, gari likabaki limefungiwa ndani. "Siku tukilihitaji gari tutabomoa fremu moja," alisema, na watu wazima wakamwitikia. Jamani, nani amewahi kuona fremu ya Kariakoo ikikaa tupu? Mpangaji alitoka huku mwenzake keshashika ufunguo, mzee akafariki, na Chiriku akazeekea uani pamoja na kuku.

Ndipo zilipoanza safari zao. Ubeid aliwasha injini, ikabwabwaja kidogo, akaizima ili majirani wasilalamikie moshi, kisha akafumba macho. Kazi ya Hamdiya ilikuwa kuonyesha njia. "Kona ya kushoto hiyo, Baba Hussam. Punguza, kuna ng'ombe." Ubeid alipunguza. Siku upepo ukivuma kutoka kwenye maduka ya viungo walifika hadi Unguja, na hakuna aliyewauliza wamevukaje maji.

Mwaka huu mtoto wao Hussam alielewana na wajenzi: nyumba iondoke, lisimame ghorofa, wazazi wahamie fleti Upanga. Fremu zingebomolewa Jumapili. Ubeid hakulilia nyumba hata kidogo. Alikwenda msikitini, akaenda kwa muuza kahawa, akautangazia mtaa mzima kwamba Chiriku atatoka, tena yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Tatizo ni kwamba Ubeid alikuwa haoni.

Hakuna aliyejua ila Hamdiya, na hata yeye hakuambiwa. Presha ya macho ilikuwa imemla mumewe polepole. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja alilitolea salamu koti lililotundikwa mlangoni. Hamdiya alipouliza, alijibiwa kwamba taa za siku hizi ni hafifu. Mwanamke yule alimhurumia mumewe, na papo hapo alimkasirikia: yeye aliyekuwa macho ya mumewe hata kabla hayajaharibika, leo anafichwa! Lakini akimwambia Hussam, Ubeid angeshikwa mkono kama mtoto mbele ya mtaa uliomheshimu maisha yake yote. Akinyamaza, mtoto wa mtu angelala chini ya magurudumu.

Jumapili alfajiri, Ubeid akiwa bafuni, Hamdiya alifunua boneti. Alikuwa amempitishia mumewe spana miaka na miaka, alijua moto wa injini unapita wapi. Akachomoa waya wa koili, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Kulipokucha ukuta wa fremu ulianguka. Mwanga wa barabarani uliingia uani kwa mara ya kwanza tangu Hussam alipokuwa akitambaa, ukawakuta kuku, ukalikuta gari. Ubeid, kanzu yake imepigwa pasi, aligeuza uso kuuelekea kama mtu aliyeitwa jina. Akapanda, akazungusha ufunguo. Stata ililia, injini ikanyamaza. Akarudia. Kimya. Hamdiya alijiandaa kwa hasira, lakini mumewe alipapasa usukani tu.

"Kagoma," alisema.

"Basi baba, niite bredauni ilivute," alisema Hussam, simu iko mkononi.

"Gari la Mzee Asad haliburutwi kama mzoga!"

"Lisukumwe," Hamdiya aliingilia haraka. "Awadhi na wenzake si wale pale?"

Awadhi, mkubwa wa wasukuma mikokoteni wa mtaa ule, alikuja na vijana wake. "Shikamoo mzee. Aisee, chuma hiki cha mwaka gani?"

"Marahaba. Cha kabla babako hajamtongoza mamako. Sukuma, acha maneno."

Wakatoka. Hamdiya alikaa kushoto, mahali pake. "Kulia kidogo. Nyoosha. Shimo hilo, lipishe." Hussam alifuata nyuma akirekodi video, akiwacheka wazazi wake wanaobishania njia kama kawaida yao. Hakuona zaidi ya hapo.

Gari bila injini halina kelele. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, maturubai yamelala juu ya meza, na masanamu yasiyo na vichwa yalisimama nyuma ya vioo na madera yao, yakiwatazama bila kuwaona. Maghorofa yalipanda hadi Hamdiya akashindwa kujua yanaishia wapi. Alianza kuchanganyikiwa, lakini kuchanganyikiwa kutamu: barabara hii ilikuwa ipi, ya leo au ya uani? Hapa si ndipo walipowahi kupishana na ng'ombe? Alishika kichwa kuzuia ushungi, ingawa upepo haukuwepo. Miti mikubwa ikatokea mbele, na chini yake ubaridi.

"Tumefika wapi?" aliuliza Ubeid.

"Mnazi Mmoja."

"Ya kweli?"

"Ya kweli, Baba Hussam."

 Machozi yalimteremka Ubeid hadi kwenye ndevu, naye aliyaacha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Upanga waliliegesha chini ya fleti. Awadhi na vijana wake wakaaga, Hussam akapanda juu kufungua milango. Wakabaki wawili. Hamdiya alishindwa kuvumilia. Akashuka, akafungua pindo la kanga, akafunua boneti na kuurudisha waya mahali pake.

"Jaribu tena," alisema.

Stata ikalia. Injini kimya. Mara ya pili, kimya vilevile. Hamdiya akaingiwa na hofu. Amemuua Chiriku? Kwa mkono wake mwenyewe?

"Ubeid," alisema. "Nilichomoa waya wa koili. Nisamehe. Sasa nimeurudisha na haliwaki."

Ubeid alianza kutikisika. Ilimchukua Hamdiya muda kutambua kwamba anacheka. Mzee akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akatoa kitambaa, ndani yake kidude cheusi cha ukubwa wa tende: rota, ile inayogawa moto kwenye plagi. Bila hiyo Chiriku asingewaka hata angeombewa dua na mji mzima.

"Nimeitoa jana," alisema. "Mimi sioni, Hamdiya. Sioni kabisa. Ningeua mtoto wa watu."

Hamdiya alimshika mkono, akauongoza hadi kwenye injini, na vidole vyake vikamalizia vyenyewe kuipachika rota. Wakarudi vitini. Safari hii Chiriku alibwabwaja mpaka madirisha ya fleti yakafunguka juu yao.

Ubeid akafumba macho, kwa mazoea tu.

"Haya, mke wangu. Twende wapi?"

"Nyoosha," alisema Hamdiya. "Kona ikifika nitakwambia."