Majabali ya Korsika

Usinambie pole. Pole nimezishiba tangu nilipoteremka uwanja wa ndege wa Maskat nimeshikwa mkono na dada yangu Mastura, sioni hata kivuli.

Daktari alitwambia mapema: macho yanakwenda, lini hakuna ajuaye. Jamaa zetu wa mtaa wa Hail wakaja na rai zao. "Kheiria, nenda katembee visiwa vya watu, ujaze macho ungali unayo." Mume wangu Saeed akawaunga mkono. Yeye goti lake bovu, vilima haviwezi. "Nenda na Mastura," akanambia. "Ukirudi utanihadithia."

Nikenda, na nikayajaza kweli. Korsika niliona majabali mekundu yametumbukia baharini, na maji safi hata kokoto za chini utazihisabu. Sardinia niliona miti iliyolazwa na upepo ikaota ubavu. Krete theluji iko juu ya mlima na chini yake watu wanaoga bahari. Mastura akinivuta twende tukale, mie nimeganda nakodoa, nakariri kama mtoto wa chuo cha Kurani. Sikutaka kipotee kitu.

Asubuhi moja kulekule Krete nilifumbua macho, giza likawa lipo vilevile. Halijaondoka mpaka leo.

Saeed alikuja kutupokea. Akasema, "Karibu nyumbani, mke wangu," akanishika mkono. Nikautafuta uso wake kichwani mwangu, nisiupate. Nilichokipata ni mgongo wa kanzu, ameinama anapakia mabegi yangu garini siku ya safari. Kwaheri nilimwambia huku natazama pasi yangu ya kusafiria. Nani humkodolea mume aliyekaa naye umri mzima? Yupo tu, utamwona kesho.

Sasa kila baada ya alasiri hunimiminia kahawa, akasema, "Haya, nihadithie." Namhadithia. Namuomba nimguse uso: pua hii, ndevu hizi, kovu la kidevuni. Vidole vinanipa vipande vipande, uso wenyewe hauji. Yanayokuja ni majabali, na kila ufa wake nnauona. Nayachukia.

Jana akaniuliza, "Katika yote uliyoyaona, kipi hutokisahau?"

"Majabali ya Korsika," nikamwambia.

Akafurahi mno. "Mashallah. Basi safari haikupotea."

Nikageukia ukutani upesi, maana yeye macho anayo.