Biharusi Aliyekuwa Akimeza Vidonge vya Chunusi

Hebu nikuulize: ungekuta boksi la dawa chini ya mto wa biharusi, na juu yake picha ya mwanamke mwenye mimba aliyepigwa mstari mwekundu, ungefikiri nini? Mie nilifikiri mabaya.

Biharusi mwenyewe ni Nada, mtoto wa mwanangu Bahiya, ana miaka ishirini na mbili. Tulimuweka ndani kwangu Jang'ombe siku ya Jumamosi, harusi Ijumaa, na wa kumsinga, kumsugua singo mwili mzima, ni mie, kama nilivyomsinga mama yake. Singo nalitwanga kwa mkono wangu: mawaridi yaliyokauka kivulini, karafuu, liwa, rihani kidogo, halafu nalirowesha marashi mpaka linashikana.

Siku ya kwanza niliufurahia uso wake. Yale machunusi yaliyomtesa tangu skuli, makubwa, yenye usaha, yamebaki makovu tu.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "huyo Hisham wako atanisahau kabisa mie!"

Akacheka, mdomo ukapasuka, damu ikatoka. Nikamfuta kwa pembe ya kanga. Nikasema ni wasiwasi wa harusi, hali vizuri, hanywi maji.

Siku ya pili ngozi ya mkono ikatoka pamoja na singo, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nada akauma meno, kimya. Biharusi aliye ndani ndivyo tunavyomfunza: anasuguliwa, anafukizwa, anageuzwa huku na huku, na sifa yake ni kutosema. Mie nikaona bado hajatakata, nikaongeza nguvu, na usoni pia nikapita. Kufika alasiri mashavu yamevimba, mekundu kama kamwagiwa maji ya moto.

Nikamtengenezea kitanda apumzike. Kuinua mto, boksi hilo.

Mie nimesoma darasa la saba tu, na maandishi yenyewe ya Kizungu. Lakini picha haitaki skuli. Nikamwita Bahiya.

"Mwanao anameza vidonge vya kuzuia mimba! Hata hajaolewa!"

"Mama, taratibu, jirani Bi Makungu yuko dirishani."

"Na asikie!"

"Ni vya chunusi, Bibi," Nada akasema.

"Chunusi na mimba wapi na wapi?"

Akaeleza, macho yako mkekani. Alipewa na daktari wa ngozi, baada ya sabuni na krimu za kila namna kushindwa. Ana mwezi wa nne anameza, na damu anapimwa, kwa sababu dawa huweza kuligusa ini. Inakausha midomo, pua, macho. Ngozi inakuwa dhaifu, haitaki jua kali, haitaki kusuguliwa. Na mwanamke akishika mimba huku anaimeza, mtoto huweza kuharibika tumboni, moyo na ubongo. Hata akimaliza, angoje mwezi mzima.

"Vimebaki vya muda gani?" nikauliza.

"Miezi miwili."

Nikakaa chini. Mikono yangu bado inanukia karafuu, na uso wa mtoto unamuwaka mbele yangu.

Bahiya dawa alikuwa anaijua, la mimba hakuambiwa. "Kwa nini hukunambia?"

"Kila nikija uko kwenye simu na wapishi, mama."

"Basi iache leo leo!"

"Nikiiacha leo, bado mwezi."

"Si zipo njia za uzazi wa mpango? Utatumia hizo. Hisham utamwambia baadaye, polepole. Watu wa Mtoni nshawaalika, mie nitawaambia nini?"

Nami nikaingia: labda aolewe, lakini abaki kwangu kwanza. Labda tumuulize daktari, vidonge vipunguzwe. Tukapanga, tukapangua, Bahiya kule, mie huku, na Nada katikati anajipaka vaselini kwenye midomo. Nilipomtazama ndipo nikashituka. Asubuhi nilimchuna ngozi yake na hakusema kitu, nami nikamsifu moyoni kwa adabu. Nimewasinga wangapi hivi, nikidhani wameridhika?

"Bahiya, nyamaza kidogo," nikasema. Nikanawa mikono, nikarudi nikakaa karibu yake.

"Nada."

"Naam, Bibi."

"Nimekuumiza, nisamehe. Sasa sisi tushasema yetu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mie. Nilidhani atasema "mtakavyo," kama walivyosema wote kabla yake.

"Nataka nimalize dawa yangu, na mwezi wa kungoja upite," akasema. "Hisham nshamwambia, karidhia, anangoja mie niseme kwenu. Harusi naitaka, Bibi. Lakini nataka isogezwe miezi mitatu."