Ndama wa Maybeth

Kwenye ukuta wa maktaba ya shule walibandikwa ndama ishirini na mmoja wa karatasi, na kufikia Ijumaa mchana ishirini walikuwa wameshapigwa chapa. Aliyebaki mweupe ubavuni alikuwa wa Maybeth.

Sheria za wiki ile ya usomaji, wiki ya wachunga ng'ombe, alizitunga Bi Corliss, mkutubi. Mtoto anapanda tandiko lililofungwa juu ya pipa, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha anampiga ndama wake chapa aliyoichonga mwenyewe kwenye kiazi. Tandiko lilikuwa la kweli, la Babu Orville, babu yake Maybeth, na bado lilinuka jasho la farasi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: wenzake wote walikuwa wameshalikalia tandiko la babu yake, kasoro yeye. Jumatatu aliumwa tumbo. Jumatano, jino. Ukweli ni kwamba maneno yalimrukaruka machoni.

"Saa tisa ikigonga, namchukua," Dwight, mwenzake darasani, alisema, akichezea muhuri wake wa kiazi. "Ndama asiye na chapa ni wa atakayemwahi. Kamuulize babu yako."

"Wako mwenyewe umempiga chapa kichwa chini," Maybeth akamjibu. "Wa pili utamweza?"

Lakini akamtupia jicho ndama wake, maana hata machungani mambo yalikuwa hivyo hivyo tangu zamani.

Saa nane na nusu Babu Orville aliingia kuchukua tandiko lake, kofia mkononi. Akautazama ukuta, akamtazama mjukuu wake.

"Babu, maneno hayatulii," Maybeth alinong'ona. "Yanakuja yote kwa pamoja."

"Na ng'ombe je? Wakija wote kwa pamoja tunafanyaje?"

"Tunawapitisha kwenye ujia mwembamba. Mmoja mmoja."

Bi Corliss, aliyekuwa akipanga vitabu karibu yao, alisikia. Akatoa kadi ya zamani ya maktaba, akakata kijidirisha katikati, upana wa neno moja, akampa Maybeth.

Maybeth akapanda. Pipa likayumba, naye akageuka ashuke. Dwight akaweka muhuri chini, akalishika pipa kwa mikono miwili.

"Soma basi," alisema. "Unadhani nitashika mpaka kesho?"

Akaiweka kadi juu ya ukurasa, neno la kwanza likapita dirishani. Likafuata la pili. Moja liligoma, akalirudisha nyuma, akalipitisha upya. Saa tisa ilimkuta katikati ya ukurasa. Basi la shule likapiga honi, na Bi Corliss akatoka kumwambia dereva asubiri. Hakuna mtoto aliyeinuka. Maybeth alipoifikia nukta ya mwisho, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni. Akashuka, akachovya kiazi chake kwenye wino, akampiga ndama wake chapa.

Jumatatu iliyofuata alikuja na sufuria ya maharage, na mikate midogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwao, anayekuja kukusaidia siku ya kupiga chapa halipwi; unamlisha mpaka ashibe, na mwenye ndama ndiye anayepakua. Babu alikwisha kula fungu lake nyumbani, mara mbili. Maybeth akampakulia Bi Corliss sahani ya kujaa hadi ukingoni, halafu akamfuata Dwight.

"Mimi nilifanya nini?" Dwight aliuliza.

"Ulishika pipa. Kula."