Wateja wa Ukaguzi

Asubuhi ya ukaguzi Mama alinawa mikono mpaka ncha za vidole zikanyauka, na hakuna mteja aliyekuwa ameingia bado. Alikuwa anajaribu ndoo. Nilikuwa nimeitoboa jana yake na kuifunga koki ya plastiki, na sasa kila baada ya muda mfupi Mama aliifungua kuona kama maji yanatoka, kana kwamba yangeweza kughairi.

"Mama, ndoo iko sawa."

"Najua iko sawa. Naiangalia tu."

Saluni yetu ni chumba kimoja kirefu chenye stoo ndogo kwa nyuma. Tangu ugonjwa uingie na serikali ifunge biashara zote za kugusana, ilikuwa imekaa gizani miezi mingi, mashine za kukaushia nywele zimefunikwa mashuka kama wagonjwa. Kisha likatoka tangazo: biashara ndogo zitafunguliwa, mtaa kwa mtaa, baada ya afisa wa afya kuzikagua. Atakayepita ataingizwa kwenye mpango wa msaada. Serikali itamlipia pango la miezi iliyolala na kumpa kianzio cha kununulia vifaa. Asiyepita atasubiri. Atasubiri mpaka lini, tangazo halikusema. Aliyelisema hilo ni mwenye nyumba. Alikuja jioni moja, akasimama mlangoni bila kuingia, akatuambia kwa upole kabisa kwamba kuna kijana muuza simu anakitaka chumba, na mwisho wa mwezi huu asipoona pango atampa. Upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huohuo, shahada ya maendeleo ya jamii, na kazi sina. Lile tangazo nililisoma na kulirudia kama barua ya mchumba. Niliamini kila neno lake. Mama alinisomesha kwa vidole vyake, kichwa baada ya kichwa, na niliona sasa ni zamu ya nchi kumshika mkono. Mama Mdogo, ambaye amesuka naye tangu saluni ianze, hakuamini hata nukta.

"Msomi," alisema, ameniita hivyo tangu nivae joho. "Serikali haimpi kitu mtu anayeonekana hana. Inampa anayeonekana anacho. We kaa hapo."

Nilidhani anapiga porojo.

Tulikuwa tumejipanga vizuri. Viti vinne tulivipunguza vikabaki viwili, kimoja kila upande. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi tangu sijazaliwa. Nilihangaika nalo kwa patasi mpaka likaachia na hewa ikapita. Mteja wa kuonyeshea kazi tulimchagua kwa makini: Mwalimu wa shule ya jirani, mtu mtaratibu ambaye barakoa haitoki usoni hata akitaka kupiga chafya. Angekuja peke yake, asukwe huku afisa anaangalia.

Kigumu kilikuwa Mama mwenyewe. Tangu ajifunze kazi amesuka akiwa amekaa, mteja yuko chini kati ya magoti yake, kichwa kimeegemea paja, na maneno yanashuka pamoja na mistari. Sasa ilimbidi asuke amesimama, nyuma ya kiti, mdomo umefungwa. Wiki nzima alifanyia mazoezi kichwa changu.

"Kusuka bila kuongea," alilalamika, "ni sawa na kula umebanwa pua."

Afisa alianzia mwisho wa mtaa. Kupitia dirisha letu jipya nilimwona akitoka kwa fundi viatu, akabandika karatasi ya kijani mlangoni. Kisha akavuka kwenda kwa kinyozi. Huko hakukaa. Alipotoka, kinyozi alikuwa nyuma yake anaongea kwa mikono yote miwili, na karatasi iliyobaki mlangoni ilikuwa nyekundu. Ndani, kwenye benchi, walionekana wanaume wamebanana wakisubiri zamu. Kinyozi akakaa kwenye ngazi yake na kujifunika uso.

"Mama, kinyozi amefungiwa."

Mama akafungua koki tena.

Hapo ndipo walipoanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa Mama Pacha, muuza mboga wa kona. "Hodi jamani! Nimewahi?" Nyuma yake dada wawili wa duka la vitambaa. Kisha mke wa fundi seremala na wifi yake. Kisha, taratibu, akishika ukuta, Bibi wa Ghorofani, anayeishi juu yetu na mwenye pumu ya siku nyingi. Wote walikuwa na vitambaa kichwani, na walipovivua, kila mmoja nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama kila upande.

Mwalimu, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti, alikivuta nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Nani kawaita?" niliuliza.

"Si Mama yako Mdogo!" Mama Pacha akajibu. "Kasema leo tuje wengi, tusiwaangushe."

Nilimgeukia Mama Mdogo. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyemletea mgonjwa supu.

"Umesahau watu wa mkopo walipokuja?" akasema. "Si tulijaza watu mpaka mlangoni? Mama Pacha alifumua nywele alizosukwa jana yake, akasukwa upya mbele yao. Si walitupa? Saluni haijafa kwa sababu ya siku ile. Leo wanakuja wa serikali, wakute chumba kitupu na mwalimu mmoja? Watasema hawa hawana biashara, wapewe nini?"

"Mama Mdogo, wale walitaka kuona wateja. Huyu anataka kuona nafasi!"

"Nafasi? Nafasi inauzwa wapi?"

Ilikuwa kweli kuhusu watu wa mkopo, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtaa wetu ulikuwa na desturi hiyo: akija mtu wa kukagua biashara ya mwenzio, unakwenda kuwa mteja. Fundi viatu alishawahi kuletewa viatu vizima ashone. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Walikuja kwa upendo, na upendo huo sasa ulikuwa umejaa chumbani, unapumuliana usoni.

"Jamani, nawaomba," Mama akasema. "Rudini. Nitawasuka wote, lakini si leo."

"Nirudi vipi hivi?" mmoja wa dada wa vitambaa akashika kichwa. "Nimefumua usiku mzima, fundi! Nikipita hivi mume wangu atauliza nimegombana na nani."

"Weka kitambaa."

"Na wewe ukinyimwa msaada kwa sababu hatukuwepo, tutaweka wapi nyuso?"

Nilichungulia dirishani. Afisa alikuwa anatoka duka la tatu kutoka kwetu. Nilishika mkono wa Bibi nimwongoze nje, lakini alikuwa ndiyo kwanza anajaribu kupata pumzi baada ya ngazi. Nilipotazama tena, afisa alikuwa njiani, uso kwetu. Wakitoka sasa watatoka mbele ya macho yake, kundi zima, kutoka kwenye mlango mmoja.

"Stoo," Mama Mdogo akanong'ona.

"Hapana!" nikasema, lakini alikuwa ameshafungua mlango na wao wameshaanza kuingia, wanasukumana, wanacheka chinichini kama wasichana wa bweni. Bibi alivutwa katikati. Ile stoo haina dirisha. Ina maboksi ya nywele za bandia na madumu ya mafuta, na hata mimi peke yangu nikiingia hutoka nimelowa jasho. Mlango ukafungwa. Nikasimama mbele yake.

"Hodi."

Afisa alikuwa kijana, pengine rika langu, ngao ya plastiki usoni imejaa ukungu, shati limegandia mgongoni. Alikuwa na adabu. Alinawa kwenye ndoo yetu, akaangalia koki, akasema, "Nzuri hii." Alipima kwa macho umbali wa viti. Alienda dirishani, akalifungua na kulifunga.

"Hili lilikuwa linafunguka?"

"Sasa linafunguka," nikasema.

Akacheka kidogo. Mama alisimama nyuma ya Mwalimu, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, na kuanza mstari wa kwanza. Ulinyooka. Kutoka pale nilipokuwa nilisikia, nyuma ya mgongo wangu, ubao ukikwaruzwa na mtu anayetafuta pa kuegemea.

"Na nyuma kuna nini?" afisa akauliza.

"Stoo tu," Mama Mdogo akajibu, haraka mno.

Afisa aliitikia kwa kichwa. Alichukua karatasi zake, nyekundu, njano na kijani, akachomoa ya kijani, akaanza kuandika. Sikuwahi kuona mtu akiandika polepole namna ile. Na huku anaandika alikuwa anatufafanulia masharti, moja baada ya jingine, kwa uvumilivu wa mtu aliyeambiwa na wakubwa wake kwamba wananchi waelimishwe. Taulo zisitumiwe na watu wawili. Vitana vilowekwe. Milango iachwe wazi.

Kikohozi kikatoka stoo. Kifupi, kimezibwa kwa kiganja.

Mama Mdogo, kwa akili yake ya haraka, akakohoa kwa nguvu kukifunika. Kisha akagundua amekohoa mbele ya nani. Macho yakamtoka.

Afisa alirudi hatua nyuma. "Mama, unaumwa?"

"Mimi? Mimi mzima kama chuma! Mate tu, yamepita njia siyo."

"Una homa? Kikohozi kimeanza lini?"

"Kimeanza sasa hivi na kimeisha sasa hivi, mwanangu."

Alimpima joto. Halikuwa na neno. Akamtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye karatasi yake, na nikaruhusu kifua changu kishuke. Halafu nikaisikia ile sauti nyingine. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa filimbi nyembamba, inayovutwa kwa shida, inakatika, inavutwa tena. Afisa hakuisikia, alikuwa anaandika huku akiendelea na masharti yake. Mwalimu aliisikia, nilimwona akifumba macho kwenye kioo. Mikono ya Mama ikasimama katikati ya mstari.

Tulitazamana. Karatasi ilikuwa imebaki sahihi tu. Nilikuwa nimeshika kitasa kwa nyuma, na nilikuwa najiambia, sahihi tu, sahihi tu, atoke, nifungue. Filimbi ikakatika, na safari hii haikurudi.

"Subiri kidogo, bwana afisa," Mama akasema.

Aliziacha nywele za Mwalimu, akaja, akanisogeza kwa bega lake, na kufungua mlango.

Joto lilitoka kwanza. Kisha wao, jasho linawatiririka, nywele zimetimka. Bibi alikuwa amekaa juu ya boksi, mdomo wazi, Mama Pacha anampepea kwa kitambaa. Mama alimsogeza nusu amembeba mpaka dirishani, akamweka kwenye kiti, akamshikia kichwa kwenye hewa. Tulikuwa tunasikiliza kifua cha mtu mmoja. Kikavuta. Kikavuta tena, kirefu zaidi.

"Huyu ana pumu," Mama akamwambia afisa bila kumgeukia. "Hao wengine ni majirani. Walikuja kunisaidia. Nimewaficha mimi, saluni ni yangu."

"Niliwaficha mimi!" Mama Mdogo akaanza kulia. "Dada, usijisingizie!"

Afisa alitazama ile karatasi ya kijani, kisha wale wanawake. Alionekana amechoka ghafla, kama mtoto aliyekatizwa usingizi.

"Tokeni nje wote," akasema. "Mmoja mmoja. Simameni mbalimbali. Bibi abaki pale apate hewa." Akawafuata, akachukua namba zao za simu ili wapigiwe, akawaambia akipata homa yeyote kati yao asikae kimya. Walijibu kwa sauti ndogo, mikono imeshika vichwa. Kisha wakaenda zao, kila mmoja upande wake, bila vicheko.

Aliporudi aliichana ile ya kijani. Nilisikia ikichanika mpaka kwenye meno. Mkono wake ukaenda kwenye nyekundu, ukasita, ukachukua ya njano.

"Mama, kama ningeufungua mlango ule mimi, ningekufungia kama nilivyomfungia jirani yako. Umefungua mwenyewe. Nitarudi wiki ijayo, nikague tena. Mpaka hapo usisuke mtu."

"Na ule msaada?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Alivua ngao, akaifuta kwa mkono wa shati. "Majina ya kijani yanaondoka leo. Ya njano yanafuata, kama fungu litakuwa limebaki. Sijui kama litabaki, dada. Nikikwambia najua, nitakudanganya."

Nilitaka kumwambia habari za mwenye nyumba, za muuza simu, za mwisho wa mwezi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye serikali, hakuna mwingine aliyewahi kufika mlangoni kwetu. Lakini alikuwa anamtazama Bibi, akahakikisha anapumua, akamwachia Mama namba ya zahanati. Kisha akatoka. Kulikuwa na duka la vyombo linamngoja.

Mwalimu alilipia mistari mitatu aliyosukwa. Mama alikataa pesa, wakavutana, Mwalimu akaziacha kwenye kiti na kwenda zake, sehemu ya kichwa imesukwa na iliyobaki imefunikwa. Mama Mdogo alimsindikiza Bibi juu, ngazi kwa ngazi, akimwomba radhi kila ngazi.

Mama alisimama nje, anaisoma ile karatasi ya njano. Alikaa pale muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Wiki ijayo ni kabla ya mwisho wa mwezi," nikasema.

"Kabla kidogo."

"Nitaenda kwa mwenye nyumba leo. Nitamwonyesha karatasi. Njano siyo nyekundu, Mama."

"Nenda," akasema. "Usimwombe kama unalia. Mwambie tu ilivyo."

Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alikuwa anapita na kapu. Aliona mlango wazi, akapunguza mwendo, uso ukamng'aa.

"Fundi! Mmefungua?"

Mama aliinua kiganja kumzuia palepale alipo, upande wa pili wa barabara.

"Bado, mdogo wangu. Wiki ijayo," akaita. "Na uje peke yako."