Kikao cha Pembley Hakiishi

"Siombi ikulu mimi, naomba mbao tatu!" Kieran alishapandisha sauti mpaka vikombe vya chai vikawa vinagongana. "Mbao tatu pale kwenye ngazi za mlangoni kwetu, kiti cha magurudumu cha bibi kipite. Basi!"

"Nani kakwambia tumekataa?" mwenyekiti wa kamati, Bi. Rosalind, naye akaja juu. "Tutakujibu kikao kikiisha!"

"Kikao chenyewe kimeanza lini?"

Mzee Geoffrey, katibu, akafungua daftari kama vile hajui. "Machi, elfu moja mia tisa thelathini na nne."

Sasa hapo ndo uwajue watu wa Pembley. Pembley ni kitongoji cha Birmingham, ila ukiwaambia hivyo wananuna wiki nzima. Kilijengwa na tajiri mmoja wa biskuti, Josiah Pemble, nyumba mia nne za matofali mekundu, kila moja na ua wa majani uliokatwa kama kwa rula, na baa hakuna hata moja, maana mzee alichukia bia kuliko shetani. Kitu kingine alichochukia ni kutupa chakula. Akaweka sheria: mtu asipigilie msumari nje ya nyumba yake bila ruhusa ya kamati, ruhusa hutoka kikao kikiisha, na kikao hakiishi mpaka sahani ya biskuti iwe tupu.

Hakufikiria tu anawajengea watu gani. Mtu wa Pembley yuko radhi afe kuliko kuchukua biskuti ya mwisho. Chukua wewe. Hapana, wewe. Aa, mimi nimeshiba. Wakaenda hivyo mpaka kamati ya kwanza ikazikwa yote, wakaja watoto, wakaja wajukuu, na biskuti bado iko mezani chini ya bakuli la kioo, imegeuka rangi ya sabuni ya kufulia.

Na bibi yake Kieran, Doreen, miezi kumi na moja sasa hajatoka nje. Anakaa dirishani anawapungia mkono mbwa wa watu.

"Keki si tulimpelekea?" Bi. Rosalind akasema.

"Hataki keki! Anataka akachague nyanya zake mwenyewe! Mzee Geoffrey, kula hiyo biskuti tumalize."

"Mimi? Hapana, hapana. Rosalind kwanza."

"Siwezi kabisa, Geoffrey. Mpe Nigel."

"Mimi bado mgeni," akasema Nigel, ambaye yuko kwenye kamati mwaka wa ishirini na sita.

Kieran akainua lile bakuli la kioo. "Samahani," akasema, maana hata yeye kazaliwa Pembley, akaitia yote mdomoni.

Ilikuwa kama kutafuna kigae. Alitafuna dakika mbili nzima. Nigel, kwa mazoea tu, akamsogezea chai.

Mzee Geoffrey akavaa miwani. "Kikao kimefungwa. Kwa mujibu wa sheria, ombi lolote lisilopingwa kwa maandishi limekubaliwa."

"Maombi yaliyopingwa ni mangapi?" Kieran akauliza.

Mzee akapekua, akapekua. "Hakuna."

"Hakuna vipi! Miaka yote tumepinga!"

"Tumekohoa, Rosalind. Tumeguna. Kuandika hakuna aliyeandika, ingekuwa kukosa adabu. Kwa hiyo ni maombi elfu moja mia mbili na sita. Nguruwe wa kina Bagshaw, ruksa. Mnara wa kuongozea meli, ruksa."

"Bahari iko wapi hapa?"

"Hawakuandika. Halafu hii ya mwaka hamsini na moja. Baa."

"Baa! Ya nani?"

"Sebuleni kwako, Rosalind. Aliomba mama yako."

Bi. Rosalind akakaa chini taratibu. Nigel kashakimbilia jikoni, anapiga kelele wafungue kikao kipya haraka, leteni sahani, ila pakiti ya biskuti hakuna wa kuifungua wa kwanza.

"La bibi limo?" Kieran akauliza.

"Limo. Doreen Shaw, mbao tatu."

"Niandikie."

Mzee akaandika, akachana karatasi, akampa. Akainama karibu yake: "Ilikuwa na ladha gani?"

"Tangawizi," Kieran akasema, taya zinamuuma. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka, akafunga mlango.